Wasifu wa Mwalimu Cosmas Ejore Aukot na Jina Lililoandikwa Nyuma ya Fomu

Mwalimu Cosmas Ejore Aukot alizaliwa, kwa mujibu wa kitambulisho chake, tarehe 1 Januari 1974, siku ambayo ofisi ya usajili iliwagawia watu wengi sana wa Turkana bila upendeleo. Mama yake, Mama Namuria, ambaye alikuwepo, husema ilikuwa msimu wa upepo, karibu na Ghuba ya Ferguson ya Ziwa Turkana, upande wa Kalokol, mwaka ambao samaki walivuliwa wengi hadi mbwa wakaanza kuchagua. Baba yake, marehemu Mzee Aukot, alikuwa mfugaji aliyemalizwa na ukame akageukia nyavu. Alivua samaki kwa miaka kumi na miwili na hakukubali hata siku moja kuitwa mvuvi.

Kabla ya kuendelea, familia inaomba radhi kwa jambo moja. Si desturi kutaja makosa ya marehemu kwenye wasifu wake. Kazi hiyo huachiwa majirani, wakiwa njiani kurudi nyumbani. Lakini siku nne kabla ya kufariki, Mwalimu Ejore mwenyewe aliagiza kwamba kosa lake moja lisomwe hapa kaburini, mbele ya Chifu na Padre, kwa sababu lisiposomwa, mmoja wa wanafunzi wake, Agot Mading, atapoteza nafasi yake ya chuo na ataitwa mdanganyifu. Kosa hilo litafika mahali pake. Tuanze na shule.

Alisoma shule ya msingi Kalokol kuanzia mwaka 1982 hadi 1989. Juma lake la kwanza, mwalimu alimwuliza kwao wana mbuzi wangapi.

"Kuna mweusi wa shingo nyeupe," akajibu. "Kuna mama yake. Kuna yule aliyevunjika pembe. Kuna yule anayelala mlangoni."

"Nimeuliza wangapi."

"Wako wote, mwalimu."

Alichapwa viboko vinne. Hivyo alivihesabu.

Haukuwa ujeuri. Nyumbani kwao Mama Namuria hakuruhusu kiumbe hai kuhesabiwa, awe mbuzi au mtoto wa mtu. Jioni alisimama penye mlango wa boma, akawatazama wakiingia, na asiyekuwepo alimjua kwa kukosa sura yake. Kutaja idadi, aliamini, ni kumwalika anayekuja kupunguza. Mwanawe alikulia katika imani hiyo, kisha, kwa namna ambayo familia haijapata kuielewa, akawa wa kwanza katika somo la hesabu kila mwaka wa masomo yake.

Sekondari alisoma mjini Lodwar, 1990 hadi 1993, akafaulu vizuri. Aliitwa chuo kikuu. Barua ya kumwita ilisafiri kwa posta, kisha kwa lori la unga, kisha mkononi mwa katekista, ikafika wiki tano baada ya tarehe ya kuripoti. Ukurasa wa pili ulitaja karo. Mzee Aukot alisomewa ukurasa huo polepole, akauliza kama kuna wa tatu unaosema walikuwa wanatania. Haukuwepo. Mwalimu alivua na baba yake kwa miaka miwili, kisha kwa msaada wa kanisa akaenda chuo cha ualimu, akahitimu stashahada ya Hesabu na Fizikia mwaka 1999. Ile barua ya chuo kikuu hakuichana wala kuionyesha kwa watu. Akiulizwa alisoma chuo kikuu gani, alijibu kwamba alisoma ukurasa wa pili.

Kituo chake cha kwanza cha kazi kilikuwa Kerio, karibu na mahali mto unapoingia ziwani, ambako alifundisha tangu mwaka 1999 hadi 2006. Huko ndiko alikomkuta Paulina Akoru, muuguzi wa zahanati. Wazee walipokaa kuzungumzia mahari, baba mkwe alimwuliza angeleta wanyama wangapi. Mwalimu alijibu, "Watakuja, baba, utawaona." Baba mkwe alisema mtu anayejibu hivyo ama ana adabu sana ama ni tapeli, na kwamba angejua baada ya mvua mbili. Ilichukua mvua tisa, nyingine zikinyesha baada ya harusi, lakini wanyama walifika. Ndoa ilifungwa kanisani tarehe 16 Novemba 2002, na Mwenyezi Mungu akawajalia Lokwang, Nakiru na Esinyen.

Kerio pia ndiko lilikotokea jambo ambalo kwa miaka ishirini hakumwambia mtu ila mke wake. Mwaka 2004 alikuja mkaguzi wa shule akataka idadi kamili ya darasa la sita. Mwalimu alisema wote wapo. Mkaguzi akasema "wote" si tarakimu. Mwalimu Ejore akasimama mbele ya watoto, akanyoosha kidole, akahesabu kwa sauti, akaandika arobaini na mmoja. Wiki mbili baadaye kipindupindu kiliingia kutoka ufukweni. Darasa lile lilizika watoto watatu. Mwalimu Ejore alijua vizuri sana kwamba jambo kufuata jingine si ushahidi kwamba limeletwa nalo; somo hilo alilifundisha yeye mwenyewe, na mtihani wake aliutunga yeye mwenyewe. Ila hakuhesabu tena mtoto. Kwenye daftari la mahudhurio alitia alama kwenye majina, na pale chini, mahali pa jumla, akaacha wazi. Walimu wakuu wanne walimwandikia barua za onyo kuhusu nafasi hiyo. Alizihifadhi kwenye faili, kwa tarehe.

Januari 2007 alihamia Kakuma, Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Perpetua, na mwaka 2016 akawa naibu mkuu. Alifundisha watoto wa Kiturkana na watoto wa kambini kwenye dawati moja, na aliwaonea wote sawasawa. Mwaka 2022, baada ya barua kumi na moja kutoka kwake, Chuo cha Ziwa Kaskazini kilichoko Lodwar kilikubali mpango ambao wanafunzi waliubatiza Kalamu Mbili. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wangesoma siku za Jumamosi masomo sita ya mwaka wa kwanza wa chuo, wakiwa bado shuleni. Alama zao zingeingia kwenye ripoti ya shule na kwenye rekodi za chuo pia. Waliofaulu wangepokelewa chuoni moja kwa moja mwaka wa pili. Na karo ya chuo kwa masomo hayo wangesamehewa yote. Kwa nyumba nyingi za Kakuma, huo ndio uliokuwa umbali kati ya kwenda chuo na kusikia habari za chuo.

Sharti lilikuwa moja. Msamaha wa karo ulimhusu tu mwanafunzi aliyeidhinishwa na bodi ya chuo, kutoka kwenye fomu iliyotiwa sahihi na mwalimu mmoja. Mwalimu huyo alikuwa Ejore.

Alijaza fomu hiyo tarehe 9 Februari 2023. Upande wa mbele ulikuwa na mistari ishirini na minne. Aliijaza yote kwa majina. Jioni hiyo alikuja Agot Mading, binti aliyezaliwa kambini na kulelewa na shangazi yake Yar, muuza unga sokoni Kakuma. Alikuwa amechelewa kwa sababu juma zima alipanga foleni ya uhakiki wa wakimbizi, ambako mtu huweka kidole kwenye mashine ili ithibitike kwamba bado yupo. Mwalimu aligeuza fomu, akaandika jina lake upande wa nyuma, kwa wino wa bluu. Kisha akafika kwenye kisanduku kilichosema "Idadi ya wanafunzi." Akakiacha wazi, kama alivyoviacha vyote vya aina hiyo kwa miaka kumi na tisa. Hilo ndilo kosa.

Kule Lodwar, karani alikuta kisanduku kitupu, akahesabu majina yaliyokuwa mbele ya macho yake, akaandika 24. Bodi ikaidhinisha msamaha wa wanafunzi ishirini na wanne. Hakuna aliyegundua, kwa sababu msamaha wa karo ni kitu kisichoonekana hadi siku kinapokosekana. Agot alisoma Jumamosi zote. Alifanya mitihani yote sita. Katika somo la Takwimu alikuwa wa kwanza.

Januari 2025 wenzake walipokea barua za kuingia mwaka wa pili. Agot alipokea bili ya masomo yote sita, yenye kiasi ambacho shangazi Yar alikisoma mara mbili akidhani ni namba ya simu. Chini yake kulikuwa na maelezo kwamba alama zake zimezuiliwa, kwa kuwa alionekana kufanya mitihani bila kuandikishwa, na kwamba hilo likithibitika, hatapokelewa na chuo hicho kwa miaka mitatu.

Mwalimu alipanda basi la Lodwar asubuhi iliyofuata. Karani aliyeijaza nafasi ile, Bwana Ekiru, ambaye ameruhusu mazungumzo yao yaandikwe, alimkaribisha vizuri kwa salamu ya Kiturkana.

"Ejok, Mwalimu. Hii fomu yako, hapa kwa idadi uliacha wazi."

"Niliacha."

"Kwa nini sasa? Na wewe ni wa hesabu."

"Watoto wa watu hawahesabiwi, Ekiru. Mama yako ni Mturkana wa Lokichar, hilo unalijua."

"Mimi najua, Mwalimu. Kompyuta ndiyo haijui."

"Na upande wa nyuma uliangalia?"

Ekiru aliitazama kompyuta. "Nani hugeuza fomu?" akasema.

Fomu yenyewe haikuwepo tena. Makaratasi yote ya mwaka huo yalikuwa yamepigwa picha kuingizwa kwenye kompyuta, kisha yakachomwa kwa utaratibu mzuri, na mashine ilikuwa imepiga upande mmoja. Kwa hiyo, ushahidi pekee kwamba Agot aliandikishwa ulikuwa kumbukumbu ya mwalimu ambaye hakuandika idadi.

Walimu wenzake walipendekeza mchango ili bili ilipwe na yaishe. Alikataa. "Tukilipa," alisema, "tumekubali aliingia kwa dirisha." Wengine waliona huo ni ubishi ambao gharama yake inalipwa na mtu mwingine, na familia haiwezi kusema walikosea kabisa.

Bodi ilimwita tarehe 24 Juni 2025, saa nne asubuhi. Hapa ndipo ugonjwa unapoingia. Tangu mwaka uliotangulia alikuwa na uvimbe upande wa kulia chini ya mbavu. Madaktari walisema ni maji yaliyojifungia kwenye ini, ugonjwa unaotoka kwa mbwa, ambao vitabu vya tiba vinapoutaja huipa Turkana heshima ya kuitaja pia. Hutibika kwa upasuaji. Alikuwa amepewa tarehe ya upasuaji katika hospitali nje ya kaunti, baada ya kusubiri miezi saba. Tarehe hiyo ilikuwa 24 Juni.

"Mwalimu, huu ni mfuko wa maji," daktari alimwambia kwa simu. "Ukipasuka ndani, sina la kukuahidi."

"Bodi nayo inakaa mara mbili kwa mwaka," Mwalimu alijibu.

"Hiyo bodi itakufanyia upasuaji?"

Alipewa tarehe nyingine, mwezi wa Septemba mwishoni. Mke wake, Mama Lokwang, alijua habari hizo wiki moja baadaye, na yaliyosemwa nyumbani siku hiyo yamebaki nyumbani.

Mbele ya bodi alieleza kila kitu kwa ufasaha: mistari, upande wa nyuma, wino. Mwenyekiti alionekana kuridhika. Akauliza swali moja tu la kukamilisha kumbukumbu.

"Kwa jumla walikuwa wangapi, Mwalimu?"

"Naweza kuwataja, Mwenyekiti."

"Tafadhali."

Akaanza kuwataja. Alisema jina, mahali mtoto alipokaa darasani, nani anaandika kwa mkono wa kushoto, nani hulala Jumamosi mchana kwa sababu Ijumaa usiku huuza chai kwa abiria wa Lokichoggio. Bodi ilimsikiliza hadi mtoto wa tisa. Kisha mwenyekiti akamwomba katibu aandike kwamba shahidi hakujibu swali. Shauri likaahirishwa hadi kikao cha Septemba, kwa sharti kwamba mwalimu alete tamko lenye sahihi yake na idadi kamili.

Agot alikuwa akingoja nje, kwenye kivuli cha tangi la maji, pamoja na shangazi yake.

"Wamesema nini?" akauliza.

Mwalimu akamweleza. Akamweleza pia habari za Kerio, kwa mara ya kwanza kwa mtu asiyekuwa mke wake. Agot alisikiliza hadi mwisho.

"Pole, Mwalimu. Lakini hao walikufa kipindupindu."

"Najua."

"Na mimi sijafa. Mimi nimefutwa tu." Shangazi Yar alimgusa mkono anyamaze, hakunyamaza. "Sisi kule kambini tunahesabiwa kila siku, kwa kidole. Usipohesabiwa, hauli. Mama yangu aliugua siku ya kuhesabiwa, hakwenda, mwezi mzima tulikula kwa majirani. Wewe unaogopa kuhesabu. Mimi naogopa kuachwa."

 Kwenye basi la kurudi Kakuma Mwalimu alisema neno moja tu, karibu na daraja: kwamba yule binti ana haki.

Alianza kuandika tamko lile mwezi wa Julai. Kwenye meza yake zimekutwa rasimu sita. Zote zimekamilika, ila pale penye idadi pana nafasi.

Tarehe 28 Agosti alianguka darasani akifundisha kidato cha pili. Mfuko ulikuwa umepasuka. Alipelekwa hospitali Lodwar, na madaktari walifanya waliloweza. Jumapili tarehe 31 aliletwa Mama Namuria kutoka Kalokol. Pale kitandani walikuwepo mke wake, na Agot, na Helen, mdogo wa Mwalimu, anayesoma wasifu huu. Mwalimu alimweleza mama yake habari yote kwa Kiturkana, akipumzika kila baada ya maneno machache. Mwisho akamwuliza kama anampa ruhusa ya kuhesabu au hampi.

Mama Namuria alisogea karibu na kitanda.

"Nilikataza kwa sababu nilikuwa nakuogopea wewe," akasema. "Sasa niogope nini tena? Hesabu, mwanangu."

Akahesabu. Alianza na aliyekaa dirishani, akaenda mstari kwa mstari, akigusa kidole kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, na Helen akiandika. Alipofika kwa Agot, Agot akaitika, "Nipo, Mwalimu," kama kwenye mahudhurio. Ilichukua karibu saa nzima. Mkono haukuweza tena kushika kalamu, kwa hiyo tamko lilikuwa na idadi na halikuwa na sahihi. Ofisi ya chuo, ilipoulizwa kwa simu, ilijibu kwamba tamko lisilo na sahihi ya mwalimu litapokelewa endapo tu litasomwa hadharani na familia yake, na kutiwa sahihi na chifu na kiongozi wa dini waliolisikia. Mwalimu aliambiwa jibu hilo. Alisema, "Basi waandike kwenye wasifu. Kule watu hawaondoki mapema, kuna chakula."

Alifariki Alhamisi, tarehe 4 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na moja ya kitambulisho.

Tamko lake ni hili. Wanafunzi wa Kalamu Mbili wa mwaka 2023, kutoka Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Perpetua, walikuwa ishirini na watano. Majina ishirini na manne yaliandikwa mbele ya fomu. Jina la ishirini na tano, Agot Mading, liliandikwa nyuma, siku hiyohiyo, kwa mkono wa mwalimu. Nafasi ya idadi iliachwa wazi na mwalimu kwa hiari yake, na mwanafunzi hakujua. Kosa si la Agot Mading. Kosa ni la Cosmas Ejore Aukot.

Marehemu ameacha mama yake, Mama Namuria. Mjane, Paulina Akoru. Watoto wake Lokwang, Nakiru na Esinyen. Dada yake, Helen. Na wanafunzi aliowafundisha Kerio na Kakuma, ambao wengi wako hapa. Agot Mading amekaa hema la pili, pamoja na shangazi yake. Bodi ya chuo inakaa Jumanne hii, tarehe 16 Septemba, saa nne asubuhi. Nafasi yake inashikiliwa hadi mwisho wa mwezi.

Mwenyezi Mungu ampe Mwalimu Ejore pumziko ambalo sisi hatukuweza kumpa. Waombolezaji mnaombwa msiinuke, na udongo usirudishwe, hadi Chifu na Padre watakapomaliza kutia sahihi.